Duke aliyeweka nchi yake rehani ili aende Yerusalemu

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpenzi wa filamu za Ulaya ya kale. Humo duke ana ngome, farasi, watumishi na dhahabu isiyokwisha. Siku moja anashona msalaba begani, anaondoka na jeshi lake kwenda Yerusalemu, anarudi shujaa. Nataka kujua ukweli. Mtu wa namna hiyo aliishi vipi hasa? Fedha za safari alizitoa wapi? Nyumbani alimwachia nani? Na aliporudi alikuta nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Maswali yako ni manne, lakini la fedha ndilo linaloyabeba mengine yote, na ndilo filamu zinaloliruka. Sitakujibu kwa maduke wote, yaani makabaila wakuu waliotawala nchi chini ya mfalme, maana walikuwa wengi na hawakufanana. Nitamchukua mmoja ambaye maisha yake tunayajua vizuri tangu ujana hadi kaburini: Robert, duke wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, mtoto wa kwanza wa yule William aliyevuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1050. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye uso wa duara, msemaji sana, hodari wa kutumia upinde, na mkono wake ulikuwa wazi kupita kiasi kwa kila aliyemwomba kitu. Watu walimwita Curthose, yaani mwenye soksi fupi, na inasimuliwa kwamba dhihaka hiyo ilianzia kwa baba yake mwenyewe.

Baba huyo alimtangaza mrithi wa Normandy Robert akiwa bado kijana mdogo, makabaila wakamwapia utii. Kisha hakumpa chochote. Robert alifika miaka ya ishirini akiwa na cheo bila mapato, na nyuma yake kundi la vijana wa kikabaila waliotarajia awape mashamba na farasi. Kwa mtoto wa mtawala zama hizo hilo lilikuwa jambo zito, kwa sababu heshima ya mkubwa ilipimwa kwa anachogawa. Asiyegawa hakuwa na wafuasi, na asiye na wafuasi hakuwa mkubwa hata kama damu yake ni ya nani.

Ugomvi ulilipuka mwaka 1077 au 1078 katika mji wa L'Aigle, kwa jambo ambalo ungedhani ni la watoto. Wadogo zake wawili, William Rufus na Henry, walikuwa wanacheza kamari ghorofani, wakammwagia maji yeye na wenzake waliokuwa chini. Robert akapanda ngazi kwa hasira, baba akatuliza ugomvi bila kuwaadhibu wadogo, na usiku uliofuata Robert akaondoka na watu wake kujaribu kuiteka ngome ya Rouen. Alishindwa, akakimbilia nje ya nchi. Mwanzoni mwa mwaka 1079 baba na mwana walikutana vitani nje ya ngome ya Gerberoi, na Robert akamwangusha baba yake kutoka juu ya farasi na kumjeruhi mkononi. Mama yake, Malkia Matilda, alikuwa akimpelekea fedha kwa siri muda wote huo. William alipogundua aliamuru mjumbe wa mkewe, Mbretoni aitwaye Samson, atobolewe macho. Samson akawahi kukimbilia monasteri ya Saint-Évroul na kuvaa joho la utawa. Walipatana mwaka 1080, wakaja kukosana tena baada ya mama kufariki mwaka 1083.

Nimekaa kwenye ugomvi huu kwa makusudi. Wadogo zake hao wawili watarudi tena na tena. Mmoja atamkopesha, mwingine atamfunga.

Mfalme William, baba yao, alifariki mwezi wa Septemba 1087. Normandy ikaenda kwa Robert, Uingereza pamoja na taji ikaenda kwa William Rufus, na Henry akaachiwa pauni 5,000 za fedha bila hata kipande cha ardhi. Hapo ndipo Robert alipoanza kuishi maisha unayoyauliza.

Ondoa kwanza picha ya mtu anayekaa kwenye kiti katika ngome moja mwaka mzima. Duke alikuwa msafiri katika nchi yake mwenyewe. Leo Rouen, baada ya muda Caen, kisha Falaise, Bayeux, na kwenye misitu ya kuwindia katikati. Sababu moja ilikuwa tumbo: sehemu ya mapato yake yalikuwa nafaka, mifugo, divai na samaki, na njia rahisi ya kuyatumia ni kwenda kuyala yalipo. Aliondoka na nyumba nzima: msimamizi wa shughuli zote, msimamizi wa meza na vinywaji, mtunza hazina ambaye pia alitunza nguo na kitanda, mapadre waliosoma misa asubuhi na kuandika hati mchana, wapiganaji wa farasi, watunza mbwa na mwewe, wapishi, wachekeshaji. Kula hakukuwa kwa faragha. Duke alikula ukumbini mbele ya watu, na nani amekaa karibu naye ilikuwa habari ya siasa. Kwaresima na Ijumaa nyama iliondoka mezani, hata kwake.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Hakukuwa na polisi wala mahakama za kudumu kila mahali kama tunavyozijua. Sheria ilifika mahali pamoja na duke au mtu aliyemwogopa duke. Baba yake alikuwa ameweka askari wake ndani ya ngome za makabaila wenyewe ili wasimgeuke. Kabaila Robert wa Bellême alikuwa njiani kwenda kumwona William aliposikia amekufa. Akageuza farasi na kwenda kuwafukuza askari wa duke kutoka Alençon na Bellême. Wengi wakafanya hivyohivyo. Duke mpya alianza utawala wake akiwa na hati za baba na funguo chache.

Mwaka 1091 Robert na Rufus, waliokuwa wamepatana kwa muda, waliwaita maaskofu na makabaila huko Caen waeleze chini ya kiapo haki za baba yao zilikuwa zipi. Andiko la majibu yao limebaki mpaka leo, nami hulipenda kuliko hadithi zote za ngome. Linasema mtu yeyote asichimbe handaki uwandani lenye kina kinachozidi uwezo wa mchimbaji aliye chini kurusha udongo hadi juu kwa mkupuo mmoja. Uzio wa miti uwe wa mstari mmoja tu, usiwe na njia ya walinzi juu yake. Duke ana haki ya kudai ngome yoyote akiitaka. Sarafu zinagongwa kwa idhini yake tu. Huo ndio utawala ulivyokuwa: kuhesabu mitaro ya watu. Lakini kipimo cha koleo hakina maana kama hakuna anayekwenda kupima, na hapo ndipo Robert alipokuwa dhaifu kwelikweli. Alisamehe haraka, alitoa ahadi kwa pande mbili zinazogombana, na watu walijua kwamba wakimlilia atalegea.

Sasa fedha. Duke alikuwa na ardhi, misitu, ushuru wa masoko na bandari, faini za kesi, na mtambo wa kugonga sarafu Rouen. Ukijumlisha, ni utajiri mkubwa. Lakini mwingi ulikuwa umeshagawiwa kwa wafuasi, umetolewa sadaka kwa monasteri, au unaingia kidogokidogo kwa msimu. Duke angeweza kuwa kama mwenye ekari elfu asiye na nauli ya basi. Mwaka 1088, muda mfupi baada ya kurithi, Robert aliishiwa kabisa akauza eneo la Cotentin, magharibi mwa nchi yake, kwa mdogo wake Henry kwa pauni 3,000. Yule asiyerithi ardhi ndiye aliyekuwa na fedha taslimu, na yule mwenye nchi alimwendea na bakuli.

Kuna kisa kinachosimuliwa na mtawa Orderic wa Saint-Évroul, kwamba mara nyingine duke alikosa misa akabaki kitandani hadi adhuhuri kwa sababu wachekeshaji na makahaba wake walikuwa wamemwibia nguo. Kinachekesha, na kila mwandishi hukirudia. Mimi sikiamini kama kilivyo. Ninachokiamini ni hali iliyokizaa: nyumba ambayo kila mtu anachukua na hakuna anayeandika.

Novemba 1095 Papa Urbano II alihubiri mjini Clermont, akawataka wapiganaji wa Magharibi waende mashariki kuwasaidia Wakristo wa huko dhidi ya Waturuki Waseljuki na kulitwaa Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Atakayekwenda kwa ibada na si kwa tamaa ya mali wala sifa, safari hiyo ingehesabiwa kuwa toba yake yote. Mali yake ingekuwa chini ya ulinzi wa Kanisa hadi arudi. Kwa mtu aliyewahi kumwangusha baba yake kutoka kwenye farasi, neno toba halikuwa pambo. Sitaki kukuambia kwamba Robert alikwenda kwa dini tu, wala kwamba alikimbia matatizo tu. Watu wa zama zile hawakuitenganisha mizani hiyo kama tunavyofanya sisi. Nadhiri ya safari hiyo ilimpa heshima, ilimpa njia ya kutoka kwenye ugomvi usiokwisha na ndugu zake, na aliamini itaokoa roho yake.

Fedha alizipata kwa kuiweka rehani nchi nzima. Abati Jarento wa Dijon, mjumbe wa Papa, aliwapatanisha yeye na Rufus. Rufus atoe marki 10,000 za fedha, na Normandy iwe mikononi mwake hadi Robert arudi na kulipa. Marki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni, yaani sarafu 160, kwa hiyo tunazungumzia sarafu 1,600,000, zaidi ya tani 2 za madini ya fedha. Rufus naye hakuwa nazo sandukuni. Alizitoza Uingereza: shilingi 4 kwa kila hide, kipimo cha ardhi cha huko, mpaka maaskofu na maabati wakayeyusha vyombo na mapambo ya makanisa. Mkulima wa Kiingereza aliyelala njaa mwaka 1096 alikuwa anamlipia nauli duke wa Normandy, na hakuna filamu iliyomwonyesha.

Robert hakuwa peke yake katika hili. Godfrey, duke wa Lorraine ya Chini, alimwachia askofu wa Liège ngome yake ya Bouillon ili apate fedha. Maelfu ya wadogo waliuza mashamba na vinu. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni kwamba nyumbani Robert alimwachia mkopeshaji wake. Na Rufus, niseme ukweli, aliitawala Normandy kwa mkono mgumu na kwa ufanisi kuliko mwenyewe.

Waliondoka mwaka 1096 majani yakianza kupukutika: Robert, shemeji yake Stephen wa Blois, binamu yake Robert wa Flanders, na baba yake mdogo, Askofu Odo wa Bayeux, ambaye alikuwa ndugu wa mama mmoja na William. Walivuka milima ya Alps, wakapokea baraka za Papa huko Lucca, wakafika Roma ambako wafuasi wa papa mpinzani waliwarushia mawe wakiwa wanasali ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro. Kusini mwa Italia walikuta Wanormandi wenzao waliokuwa wameiteka nchi ile miaka mingi nyuma, wakapokelewa kama ndugu. Robert akaamua kungoja baridi ipite. Askofu Odo akafia Palermo. Maskini waliokuwa wakiifuata njia hiyo hawakuwa na mwenyeji wa kuwalisha miezi yote hiyo. Baadhi wakauza pinde zao na kurudi makwao. Aprili 1097 walipopanda meli Brindisi, meli moja ilipasuka mbele ya macho yao na watu wapatao 400 wakazama. Padre Fulcher, aliyekuwamo msafarani na kuyaandika haya, anasema wengi wakaingiwa na woga wakarudi nyumbani palepale ufukweni.

Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Bizanti, iliwafungulia milango kwa tahadhari: watu watano au sita kwa saa waliruhusiwa kuingia kusali, wengine wabaki nje ya kuta. Kaisari Alexios alidai kiapo kwamba miji iliyokuwa mali yake itarudishwa kwake. Robert aliapa bila matata, akapewa fedha na hariri. Wengine walibishana siku nyingi, na wanahistoria wa kale wakawasifu kwa ubishi. Mimi naona Robert alifanya jambo la akili; bila chakula na meli za Kaisari jeshi lile lisingefika popote.

Vitani alikuwa mtu mwingine. Baada ya Nisea, mji uliokuwa mikononi mwa Waturuki, kusalimu amri tarehe 19 Juni 1097, jeshi liligawanyika mafungu mawili, na tarehe 1 Julai fungu la mbele likashambuliwa na wapanda farasi wa Kiturki karibu na Dorylaeum. Mishale ilikuwa mingi, safu zikaanza kuvunjika, na Robert ni mmoja wa waliogeuka kuwakabili adui na kuwaita wenzao warudi hadi fungu la nyuma lilipofika. Kisha ukaja mwendo wa kuvuka nyanda kavu za Anatolia, Uturuki ya leo, wakati wa kiangazi. Farasi walikufa kwa kiu. Wapiganaji waliozoea kutazama watu kutoka juu walipanda ng'ombe, na mizigo ikabebwa na mbuzi, kondoo na mbwa. Duke bila farasi ni nani? Cheo chake kilitegemea mnyama yule, na mnyama yule alikuwa anakufa kila siku.

Antiokia waliizingira kuanzia Oktoba 1097 hadi Juni 1098, na njaa iliwauma wazingiraji kuliko waliozingirwa. Katika majira hayo ya baridi Robert alikwenda Laodikia pwani, mji uliokuwa na chakula na divai, akakaa. Mpaka walipomtishia kumtenga na Kanisa ndipo akarudi kambini. Wasiompenda husema alikwenda kulala usingizi. Kwa upande wa pili, vyakula kutoka pwani hiyo vilifika kambini, na mji wenye bandari ulihitaji mtu mzito wa kuushika. Naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu yuleyule. Shemeji yake Stephen alifanya baya zaidi: alitoroka muda mfupi kabla Antiokia haijaanguka, akarudi nyumbani kwa mkewe Adela, dada yake Robert, ambaye hakumwacha apumzike mpaka aliporudi tena mashariki, ambako aliuawa mwaka 1102. Robert alibaki. Tarehe 28 Juni 1098 aliongoza kikosi kimojawapo katika pigano lililomshinda Kerbogha, mtawala Mturuki wa Mosul aliyekuja kuikomboa Antiokia, wengi wa askari wa farasi wakipigana kwa miguu.

Zile marki 10,000 zilikuwa zimeyeyuka. Mwezi wa Januari 1099, mkuu tajiri kuliko wote, Raymond wa Toulouse, aliwaita wenzake na kuwapa fedha ili wamfuate kuelekea Yerusalemu: sarafu za solidi 10,000 kwa Godfrey, 10,000 kwa Robert, 6,000 kwa Robert wa Flanders, 5,000 kwa Tancred, kiongozi wa Kinormandi kutoka Italia. Duke aliyeondoka na mfuko wa nchi nzima sasa alikuwa mtu wa kulipwa.

Yerusalemu waliifikia tarehe 7 Juni 1099. Wakati huo haikuwa hata mikononi mwa Waseljuki. Ukhalifa wa Wafatimiya wa Misri ulikuwa umeitwaa mwaka uliotangulia. Robert na binamu yake wa Flanders walipiga kambi upande wa kaskazini. Tarehe 15 Julai ukuta ulivukwa, na waliofuata wakaua Waislamu na Wayahudi, wanaume, wanawake na watoto, mitaani, ndani ya sinagogi na juu ya eneo la Msikiti wa Al-Aqsa. Waandishi wa Kikristo waliokuwepo hawakuficha. Waliandika kwa fahari. Iftikhar al-Dawla, gavana wa Wafatimiya, aliisalimisha ngome ya Daudi kwa Raymond na akatoka salama na walinzi wake. Hakuna sababu ya kumtoa Robert katika hesabu hiyo. Alikuwepo, watu wake walikuwepo.

Wiki moja baadaye Godfrey alichaguliwa kuutawala mji. Padre wa nyumba ya Robert, Arnulf wa Chocques, akafanywa patriaki, yaani mkuu wa Kanisa la Yerusalemu. Tarehe 12 Agosti jeshi la waziri mkuu wa Misri, al-Afdal, lilivunjwa karibu na Askaloni, na bendera ya waziri huyo ikanyakuliwa. Robert aliinunua kwa marki 20 kutoka kwa aliyeiokota, akaitoa zawadi kwa Kaburi Takatifu. Deni la tani 2 za fedha linamngoja nyumbani, naye anatoa marki 20 kwa kitambaa! Lakini ndiyo tabia yake, na ndiyo tabia waliyoipenda waliomfuata.

Baadaye ilivuma hadithi kwamba alipewa taji la Yerusalemu akalikataa kwa uvivu. Iliandikwa wakati ameshafungwa na watu walitaka kueleza kwa nini Mungu alimwadhibu. Sioni sababu ya kuiamini.

Nadhiri ikiwa imetimia, Robert aliondoka mashariki mwaka uleule wa 1099. Alipita tena kusini mwa Italia, na hapo akaoa: Sybilla, binti wa Geoffrey, bwana wa Conversano. Kwetu mume ndiye hupeleka mahari. Kwao fedha zilitoka nyumbani kwa mke, na za Sybilla zilitosha kuikomboa Normandy. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri mno. Alikuwa na jina kubwa kuliko wakati wowote wa maisha yake, mke anayesifiwa kwa akili, na fedha mkononi.

Tarehe 2 Agosti 1100 Rufus aliuawa kwa mshale akiwinda katika msitu wa New Forest. Henry alikuwa katika msafara huohuo wa uwindaji. Hakungoja mazishi, alikimbiza farasi hadi Winchester kulipokuwa na hazina. Kabaila William wa Breteuil alimzuia mlangoni akimkumbusha kwamba Robert ndiye mkubwa, wote wawili walimwapia, na yuko njiani anarudi kutoka kwenye kazi ya Mungu. Henry akachomoa upanga. Tarehe 5 Agosti, siku tatu tu baada ya kifo, alivikwa taji Westminster. Robert alifika Normandy mwezi wa Septemba. Mkopeshaji alikuwa amekufa, nchi ikamrudia bila mtu wa kumdai, lakini Uingereza ilikuwa imempita kwa wiki chache.

Mwaka 1101 alivuka na jeshi akatua Portsmouth, na makabaila wengi wakubwa wa Uingereza walikuwa upande wake. Walipokutana na Henry huko Alton hawakupigana. Robert alikubali pensheni ya marki 3,000 kwa mwaka, akarudi kwake. Hili ndilo kosa ninalomlaumu nalo kuliko lolote. Alikuwa na jeshi, haki na sifa, akavibadilisha kwa ahadi ya fedha kutoka kwa ndugu anayejulikana kwa kutotimiza. Mwaka 1103 alikwenda Uingereza kumwombea rafiki aliyenyang'anywa ardhi, akazungushwa kwa maneno matamu mpaka akaiachilia hata pensheni hiyo. Mwaka huohuo Sybilla alifariki, miezi michache tu baada ya kujifungua mtoto wao William, na watu walinong'ona kwamba amelishwa sumu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiishika nyumba ile, kila kitu kikaanza kuteleza.

Henry alikuja kwa utaratibu: kwanza fedha kwa makabaila, kisha moto. Bayeux iliteketezwa mwaka 1105, Caen ikajisalimisha. Tarehe 28 Septemba 1106, miaka 40 kamili tangu baba yao atie nanga Uingereza, ndugu hao walikutana nje ya ngome ya Tinchebray. Pigano lilikuwa fupi. Wapanda farasi wa Helias wa Maine, mshirika wa Henry, waliokuwa wamefichwa waliuingilia ubavu wa jeshi la Robert, na yuleyule Robert wa Bellême aliyekuwa kikosi cha nyuma akakimbia. Duke aliyepona Dorylaeum, Antiokia na Askaloni alikamatwa na padre, Waldric, mwandishi mkuu wa Henry.

Alifungwa zaidi ya miaka 27. Kwanza kwa Askofu Roger wa Salisbury huko Devizes, kisha Bristol, mwisho Cardiff katika ngome ya mtoto wa nje wa Henry. Hakuteswa. Mwaka 1119 Henry alimweleza Papa kwamba ndugu yake anakaa kama hujaji mwenye heshima, ana chakula na starehe zote, na hesabu za hazina za mwaka 1130 kweli zina matumizi ya nguo zake. Alifariki Februari 1134, umri wake ukiwa umepita miaka 80, akazikwa katika abasia ya Gloucester.

Ukisoma vitabu vingi utaambiwa alikuwa mzembe aliyestahili kupoteza. Angalia wasemaji wa kwanza walikuwa nani. Orderic alikuwa mtawa ambaye monasteri yake iliumizwa na makabaila wasiodhibitiwa na Robert, na malalamiko yake yana haki. William wa Malmesbury, mtawa wa Uingereza, aliiandika historia yake kwa heshima ya Robert wa Gloucester, ambaye ni huyohuyo mtoto wa Henry, mwenye ngome ya Cardiff. Wote waliandika mshindi akiwa amekalia kiti. Udhaifu wa Robert kama mtawala naukubali. Ushahidi ni mwingi mno. Lakini mtu asiye na madhara huachiwa akalime au apelekwe utawani. Henry hakuthubutu. Mtoto wa Robert, aliyeachwa huru akiwa na umri wa karibu miaka minne kwa huruma ya siku ile ya ushindi, alikuja kuungwa mkono na mfalme wa Ufaransa na makabaila wa Normandy mara kwa mara kwa sababu tu ya jina la baba yake, akafika kuwa mtawala wa Flanders mwaka 1127, na ni jeraha la vita la mwaka 1128 lililommaliza, si Henry. Hata baada ya hapo, mzee yule hakufunguliwa.